Maman Ngoie na neno kupika

Darlène, uko hapo? Niko ku cyber ya Porte de Namur, huku kwa bazungu. Jibu!

Bon. Leo bureau ya malalamiko ilimuita maman Ngoie, mama ya Séraphin. Unajua bapolisi balimuvunja Séraphin taya, hawezi kusema, donc mama njo alikuya kusema. Nilitaka kutafsiri. Banakatala! Eti beko na interprète yabo. Muzungu, Kiswahili alisomea mu kitabu.

Maman anasema: «Bapolisi bane balimupika mwana yangu. Balimupika sana.»

Ule muzungu anasema nini? «Ils ont cuisiné.» CUISINÉ, Darlène! Eti bapolisi balimupikia mutoto chakula! Polisi mwenye kukaa ku mulango anacheka. Président ya bureau anaandika.

Nikasimama, nikalalamika: kwetu Lubumbashi kupika njo kupiga! Président: «Silence, mademoiselle.» Eti ninyamaze!

Cuisiné!

Maman ananiuliza: «Anasema nini?» Nikamuambia.

Akasimama pole pole, akazunguka mesa. PAA! Kofi ya mukono muzima. Lunettes ya macho ya ule muzungu chini, damu ku pua, ku shemishi alivaa, ku karatasi. Akamuinamia: «Na miye nilikupika. Unashiba?»

Ule polisi akamuangusha maman chini, goti ku mugongo. Niliruka juu yake, nikamuluma mukono.

Na président? Aliandika mbio mbio. Wakati bananitosha inje, nilisoma ku karatasi yake: «Madame a frappé l'interprète.» Frappé, kupiga.

Darlène, ile neno balikuwa nayo.