Mguu wa Bibi Umepona, Wanasema

Jumatano, alasiri. Mvua tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu asubuhi.

Leo Bibi kapotea ndani ya sura ya Yasin.

Bibi kawasomesha nusu ya watoto wa Malindi, na baba yangu pia. Leo wanafunzi wake wa chuo cha Kurani wamekaa mkekani kwetu wakimfuatisha. Akafika aya moja, akairudia. Akairudia tena. Nao wakafuatisha tu, nani atamwambia mwalimu kakosea? Mmoja akacheka. Bibi akanitazama mimi. Aya inayofuata naijua, lakini nikainamisha macho.

Alipopooza mguu, mwezi wa Mfunguo Mosi, daktari mgeni alisema kwa Kiingereza nami nikafasiri. Mishipa ya shingoni inayopeleka damu kichwani imeganda mafuta, imekuwa migumu na myembamba. Damu ikakwama, sehemu ya ubongo ikafa. Mguu unaweza kurudi, alisema, lakini mishipa ni ile ile. Ikiziba tena, hata kidogo kidogo bila ya kuanguka, akili itapungua. Basi ale vidonge vya presha kila siku, apunguziwe chumvi na mafuta.

Nilifasiri yote. Labda kwa sauti ndogo mno.

Mguu ukarudi. Shangazi akavitia vidonge kabatini, akaanza kumrudishia Bibi nguvu: supu ya mbuzi yenye mafuta yanayoelea, mkate wa samli, samaki ng'onda wa chumvi tele. Yote kwa mapenzi. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia.

Watoto walipoondoka nikathubutu. "Shangazi, vile vidonge vya Bibi..."

"Vya nini, na mtu anatembea mpaka sokoni Darajani?"

"Si mguu, Shangazi. Damu haifiki kichwani."

"Nnampa supu kila siku, damu isifike! Huyu kapigwa jicho la hasidi. Na hicho kizungu chako kakisemee skuli."

Nikasema haya. Nikenda uani nikalia kwa hasira.

Kisha akaja mama wa yule aliyecheka, kauchukua msahafu wa mwanawe. "Bi Mwalimu apumzike kidogo," kasema, macho chini.

Bibi akafurahi. "Ah, keshakhitimu msahafu?"

Shangazi kageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Nimevitoa vidonge kabatini, nimevishika hapa. Kesho supu ikija nitakaa baina ya bakuli na Bibi. Nitasema nini, sijui. Ila safari hii nitasema kwa sauti.