Siku Mama Alipokuja Ukumbini

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Babu yako hajambo, na zabibu zimeanza kuiva hapa Makutupora.

Umeniuliza nani alinifanya niwe mwimbaji. Ni mama yangu, aliyenifundisha kuimba tukichuma zabibu. Nilipopata kazi kwenye bendi ya hoteli mjini Dodoma nilimficha, maana alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja alasiri nikamwona ameketi mbele kabisa ukumbini. Nikakatisha wimbo. Akasimama, akasema, "Imba, mwanangu. Nimekuja kukusikia wewe."

Nikaimba huku nalia, naye akanipigia makofi kuliko watu wote. Tangu siku ile sikuogopa tena jukwaa, na kila ninaposali namshukuru Mungu kwa kunipa mama yule.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea.