Nilimwambia Aliota

Mpendwa Shangazi Karambu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Majimbo, mjini Embu, miguu iko ndani ya beseni la maji baridi, na naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa majina ya mbio za Jumamosi yanapelekwa na baada ya hapo sijui nitamwangalia mwenzangu kwa macho gani. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu na niko kwenye timu ya wasichana ya mbio za nyika, na huenda hujui mbio hizi zinavyohesabiwa, basi nikueleze: wanaokimbia ni sita, wanaohesabiwa ni wanne wetu wa kwanza, nafasi uliyomaliza ndiyo pointi yako na timu yenye pointi chache ndiyo inayoshinda, kwa hivyo wa tano na wa sita mara nyingi hakuna anayewakumbuka, lakini mmoja wa wale wanne akiumia, ghafla wao ndio timu. Sisi hatuna watu wengi. Baada ya sita kuna wa saba ambaye ni wa akiba, na baada ya huyo ni nyasi tu, ndivyo anavyopenda kusema kocha wetu, Mwalimu Mbae.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, tulikuwa na mchujo kule Kibugu, kwenye njia za mashamba ya majani chai karibu na msitu, asubuhi, ukungu umelala juu ya chai hata humwoni aliye hatua kumi mbele yako, na Shangazi, nikikimbia kwenye ukungu wa namna hiyo mimi huwa sipo, nasikia viatu vyangu kama vya mtu mwingine anayenifuata, nasikia maji ya mfereji, nanusa moshi wa jikoni kwa watu, mwili unakuwa mwepesi mpaka nasahau kwamba mahali fulani kuna mwisho. Hivyo ndivyo nilivyompita Wawira kwenye mlima wa mwisho. Wawira ni rafiki yangu, tunalala chumba kimoja na kupika sufuria moja, na kwao ni hapo hapo Kibugu. Sikukusudia kumpita, nilijikuta tu niko mbele, na nilipovuka kamba msichana wa mwaka wa kwanza asiyetujua akanipa kadi yenye nambari sita. Wawira akaja nyuma yangu, akapewa saba, akaanguka kwenye nyasi macho ameyafumba na kadi ikamtoka mkononi. Nikamnyunyizia maji, nikaiokota kadi yake nizipeleke zote mbili mezani, na kutoka pale hadi mezani hazikufika hatua ishirini, lakini nilipofika nilikuwa nimeshaamua, au mkono wangu ulikuwa umeshaamua, sijui.

“Sita ni Wawira,” nikasema. “Mimi ni saba.”

Mwalimu Mbae aliinua kichwa. “Wewe saba? Uko sure? Na hata hujachoka.”

“Ndio, Mwalimu.”

Akaandika. Wawira alipopata nguvu alikuta watu wakimkumbatia. Tukirudi chumbani akaniambia, “Kaari, si ulinipita pale juu kwa ile mlima? Mimi niliona mgongo yako kabisa.” Nikacheka nikamwambia, “Wewe ulikuwa karibu kuzima. Hiyo uliota.” Akasema, “Basi ni Mungu,” na tangu siku hiyo ni Mungu kila mahali, mama yake alisimama kanisani akatoa shukrani, wakachinja kuku, nikaalikwa, na paja nikapewa mimi.

Nilifanya kwa kumpenda, Shangazi. Yeye hajawahi kukiwakilisha chuo, na mimi nilikimbia mwaka jana kule Meru nikiwa wa nne wetu, mama yangu akafunga meza yake ya ndizi pale soko la Gakoromone akaja kusimama mwishoni na leso yake, na kwenye mita mia mbili za mwisho wasichana watano wakanipita, tukakosa kwenda mashindano ya kitaifa kwa pointi tatu. Hakuna aliyenilaumu, Kinya anayetuongoza alinishika bega tu, na tangu hapo nikisikia watu wakihesabiwa mwishoni mwa mbio naziba masikio, lakini hilo ni jambo lingine. Sasa Kinya amevimba kifundo cha mguu na Mwalimu amesema wa tano na wa sita wajiandae kuhesabiwa. Wawira anafanya mazoezi mara mbili kwa siku, anarudi amepauka, anatabasamu. Mimi ukungu haunichukui tena. Je, ninyamaze kwa kuwa nimeshampa na siwezi kumnyang’anya, au nijifanye mgonjwa nitoke kabisa kwenye timu?

Kaari, Embu

*

Kaari mwanangu, kwanza toa hiyo miguu kwenye maji, ikauke, halafu unisikilize.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilipotelea kwenye ule ukungu wa Kibugu mpaka chai yangu ikapoa, na nilitamani nami niwe na miguu ya kunisahaulisha mwisho. Una moyo laini na nakupenda bure. Sasa nitakugombeza.

Unasema ulifanya kwa kumpenda Wawira. Kidogo, naam. Lakini lile uliloliita jambo lingine ndilo jambo lenyewe. Mama yako alifunga meza akaja kukuona ukipitwa, na aibu ile hujaimeza mpaka leo. Ukapewa kadi inayosema huenda utahesabiwa tena, ukamwona mwenzako amelala chini hajitambui, ukamtwika yeye hofu yako bila hata kumwuliza. Halafu ukaiita zawadi.

Hata hivyo kadi ningekusamehe, maana mtu aliyetoka mlimani akili yake hufika baadaye. Kilichonikera ni lile neno la njiani. Wawira aliuona mgongo wako kwa macho yake mawili, akakuuliza wewe anayekuamini kuliko wote, nawe ukamwambia aliota. Sasa msichana wa watu anaishi ndani ya ndoto uliyomtungia wewe, anajiumiza kwa mazoezi ili aifikie, na Jumamosi Kinya akishindwa, timu nzima itaiegemea ndoto hiyo hiyo. Na wewe ukala paja! Aibu, Kaari.

Usijifanye mgonjwa, umeshadanganya vya kutosha. Mwite Wawira nje, mkiwa wawili tu, na maneno ya kwanza yawe haya: hukuota, nilikupita. Usilie kabla yake, maana ukilia ataanza kukubembeleza, na zamu hiyo si yako. Akikasirika, mwache akasirike. Akitaka kuhama chumba, mshikie godoro upande mmoja. Kisha nenda kwa Mwalimu Mbae ukaseme kwa mdomo wako wewe. Kupanga timu ni kazi yake, na wewe ulijiajiri bila kuitwa. Anaweza kukurudisha, anaweza kumwacha Wawira pale alipo, anaweza kuwakasirikia nyote. Kubali bila kuongeza neno. Akikurudisha, mpigie mama simu aje asimame mwishoni kama mwaka jana, ukimbie huku ukiogopa. Wakikupita watano tena, utakuwa umepitwa tu, na jioni mtakunywa chai na mama yako.

Habari ya shukrani kanisani mwachie Wawira na mama yake waamue, ila wakikuita, nenda.

Jambo moja bado. Barua yako ilinifikia Jumatatu na leo ni Jumatano, na njia pekee ya kukufikia kabla ya Ijumaa ni gazeti. Majina yote nimeyabadilisha, hata la kocha. Lakini mlima ule, na msichana aliyeanguka kwenye nyasi, sikuweza kuvibadilisha na bado ikabaki barua yako. Gazeti hili hufika Embu kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hivyo kama unalisoma sasa, liache hapo hapo ulipo, umtafute Wawira kabla hajasomewa na mtu mwingine.