Papa, Yule Mbuzi Alikuwa wa Kalinzi

Papa yangu uliyelala Bukavu,

Sijui nianzie wapi, na wewe hukumpenda mtu anayefungua hotuba kwa kusema hajui aanzie wapi. Leo utanivumilia. Nimekaa mbele ya nyumba yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ndagala, hawa samaki wadogo wa kuuza, nimewaanika juu ya turubai, kuku wa jirani wanangoja nisinzie. Nakuandikia kwa hasira, Papa, na kwa mapenzi, na sijui ni kipi kimezidi.

Unakumbuka Jumapili ya mbuzi? Nilikuwa na miaka minane. Ulikuwa umepanda kutoka mjini, kutoka kwenye bunge lenu la mkoa, na suti yako ya kijivu, na kila mtu kule milimani alikuita Depite, yaani mbunge, hata mama alipokuwa amekukasirikia. Mbuzi alichinjwa nyuma ya nyumba. Watu wa kijiji walipita njiani wakasalimu kwa mbali, hakuna aliyeingia. Niliona ajabu, maana siku nyingine harufu ya nyama ilituletea hata wale tuliogombana nao. Mama alisema tumbo linamuuma. Kaka Bisimwa alikuwa shuleni. Tukabaki watatu kwenye mkeka: wewe, mimi, na mwanamume mfupi aliyevaa koti kubwa la kuazima, ambaye hakuinua macho hata mara moja. Ukakata ini, ukanitia kinywani kwa mkono wako mwenyewe.

"Kula, Faida," ukasema. "Na usisahau kama ulikula."

Ile siku niliishika kama mali yangu, Papa. Hukuwa baba wa kulisha watoto. Ulikuwa baba wa makaratasi na mihuri, baba wa kutafutwa na wageni kabla hujavua viatu. Nilipotoroka vita na bebi mgongoni, nilipolala chini kwenye kituo cha mapokezi, nilikuwa najiambia: mimi niliwahi kulishwa ini na baba yangu. Sikuwahi kuuliza mbuzi alitoka wapi. Mtoto gani anauliza mbuzi alitoka wapi?

Kazi yako niliijua kwa redio tu. Ulikuwa kwenye kamisheni ya mambo ya wenyeji wa kwanza, na wenyeji wa kwanza kwetu ni Batwa, waliotolewa msituni siku msitu ulipofanywa hifadhi ya wanyama, wakaachwa kwenye vilima vya wengine wakilima mashamba ya wengine. Kwetu mtu akitaka shamba humpelekea mwenye udongo kalinzi, yaani mbuzi au ng'ombe, na pombe ya ndizi. Mwenye udongo akipokea, akachinja, nyama ikaliwa, basi shamba limekwenda, na waliokula ndio mashahidi hadi wafe. Hakuna karatasi. Ila Mtwa hata akiwa na mbuzi hakuna aliyempokea, kwa kuwa hakuna aliyekubali kula naye. Na wewe ukaandika sheria yako kwamba Batwa wapewe fasi ya kulima bila kalinzi. Jumanne, siku mbili tu baada ya lile ini, tulikusikia redioni kwa sauti yako ya bungeni: "Mtu aliyefukuzwa kwao asiombwe mbuzi ili apate fasi ya kulala." Mama alizima redio. Nilidhani anaokoa betri.

Sasa nikueleze kilichonipata.

Jirani yangu hapa ni Mama Nsimire. Miaka minne tunachota maji bomba moja, tunaazimana chumvi, mwanangu akiumwa yeye ndiye anambeba mpaka zahanati. Lakini kila nikipita kwake saa ya kupika, anafunika sufuria. Haraka, kama mtu aliyeiba. Nilimtania mbele za watu kwamba sijaona mwanamke mwenye choyo ya maharage kama yeye. Alicheka pamoja nasi, akaendelea kufunika.

Mwezi uliopita alikuja, akakaa kwenye ndoo yangu, akasema jina lako. Nikashtuka, hapa sijitambulishi kama mtoto wa mtu mkubwa. Kumbe amenijua tangu siku ya kwanza. Kumbe ni Mtwa wa kilima chetu, na yule mwanamume wa koti la kuazima alikuwa bwana yake. Mbuzi alikuwa wao, Papa. Alikuwa wa kalinzi, kwa lile shamba letu la karibu na mto, na mpaka leo wanawe wanalima pale. Sasa kaka Bisimwa anataka kuwatoa ajenge nyumba. Mwami, chifu wa kule, amesema atasikiliza mtu mmoja tu, hata kwa barua ya kiapo: aliyekula ile nyama.

"Bwana yangu alikufa, Depite alikufa," akaniambia. "Weye ndio unabakia, Faida. Kama hausemi, batoto yangu banatoka mu ile shamba."

Kitu cha kwanza kilichonijia si huruma, nakuambia ukweli. Kilinijia kisirani: kumbe lile ini halikuwa langu.

Bisimwa alipiga simu Jumapili baada ya ibada, alikuwa ameshasikia. Alisema uliwaachia walime kwa huruma tu, na shamba ni la familia. Halafu akashusha sauti. Alisema nikiandika kwamba ulipokea mbuzi wa Mtwa, halafu Jumanne ukasimama bungeni kusema Batwa wasiombwe mbuzi, watu watakuita mnafiki kwenye kaburi lako, na mimi ndiye nitakuwa nimelichimbua. "Na siku vita inaisha," akauliza, "utarudi kulima wapi?" Hapo alinishika pabaya. Ni lile shamba ninaloliona nikifumba macho. Hapa napalilia mahindi kwenye kiwanja nilichogawiwa, naambiwa asante kwa kuwa mgeni mzuri, na moyoni najisemea kwetu lipo shamba karibu na mto.

Basi nikamrudia Mama Nsimire, kwa ukali, nikamuuliza kwa nini bwana yake alileta mbuzi kwa mtu aliyekuwa anapigania wasilete. Alijibu bila haraka. Alisema kila kikao sheria yako ilisukumwa mbele, leo wiki ijayo, kesho mwaka ujao. Ukawapa lile shamba la mto kwa mdomo, bure, kama ulivyohubiri. Bwana yake akaleta mbuzi, ukamrudisha. Akaleta tena, ukamrudisha tena, na ukamgombeza. Mara ya tatu alikuambia hivi:

"Depite, shamba ya bure ni ya zile siku weye uko muzima."

Ndipo ukachinja. Ulituma watu waitwe waje kula, wawe mashahidi. Hakuna aliyekuja. Hata mama. Nilikuwepo mimi, mtoto nisiyejua kukataa.

Sasa nieleze wewe, maana nimezunguka hadi kichwa kinauma. Ulikuwa mwongo Jumapili au Jumanne? Kama kalinzi ni dhuluma, ulipokeaje? Na kama ndiyo njia pekee Mtwa aonekane mtu, mbona hukusema bungeni, "Waheshimiwa, juzi nilikula nao"? Uliwaogopa? Ulimwogopa mama? Na mimi, Papa. Ulinilisha kwa sababu ulinipenda, au kwa sababu hakukuwa na mdomo mwingine? Asubuhi moja nakuona shujaa, ikifika mchana nimekukasirikia mpaka nachoma ugali. Ungekuwa hai ungeniambia niketi, tulichambue. Hukuwahi kukosa jibu, na leo ndiyo umeamua kunyamaza.

Jumatano tulipanda gari, Mama Nsimire na mimi, tukapita Kabingo hadi mjini Mbarara. Kule kwenye maofisi ya Kamukuzi kuna mzee mmoja anachapa barua kwenye kibaraza cha wakili wa viapo. Alikuwa askari, amestaafu, anakaa wima mbele ya mashine kama yuko gwaride. Nilimweleza yote. Aliuliza majina, akachapa. Akauliza shamba liko wapi, akachapa. Kisha akatoa miwani.

"Wewe nasema baba yako alipokea mbuzi," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshi. "Wewe najua namna gani? Naambiwa, ama naona?"

Mama Nsimire alikuwa anatazama chini, vilevile bwana yake alivyotazama chini kwenye ule mkeka. Nikamfikiria Bisimwa, nikafikiria jina lako, nikauona mto. Nilitamani kusema sikumbuki. Mtoto wa miaka minane, nani angenilaumu?

Lakini uliniambia nisisahau, na mimi ni mtoto wako.

"Nilikula," nikasema. "Ini. Baba yangu ndiye alinilisha."

Mzee akavaa miwani, akayachapa neno kwa neno, nikatia sahihi mbele ya wakili na kidole cha wino juu yake, ili Bisimwa asije akasema si mimi. Shamba limekwenda, Papa. Jina lako sijui limekwenda wapi. Njiani kurudi nililia, Mama Nsimire akanishika mkono, wala hakuniambia asante, na nilimshukuru kwa hilo.

Tulifika jua bado liko juu. Binti yake alikuwa amepika. Nilipomsindikiza mpaka mlangoni kwake, akafanya yaleyale: mkono ukaenda kwenye kifuniko, haraka, sufuria ikafunikwa. Na ndipo nilipoelewa, Papa, katika mambo yote haya ambayo siyaelewi, hilo moja. Miaka minne alikuwa hanifichii maharage. Alikuwa ananiondolea aibu ya kumkatalia. Na mimi miaka minne sikuwahi kukaa. Chumvi nilichukua, mgongo wake kwa mwanangu nilichukua, lakini sikuwahi kukaa nikala. Sikumkataa kwa mdomo. Mama naye alisema tumbo linamuuma.

Nikakaa chini, kwenye vumbi, na kitenge changu cha kwenda mjini.

"Mama Nsimire," nikasema, "funua."

Alinitazama sana. Kisha akafunua. Sikuona sawasawa kilichokuwa ndani kwa sababu ya mvuke, na kwa sababu ya macho yangu. Nilinyoosha mkono nikala.

Bado nimechanganyikiwa, Papa. Lala tu, hili nitabaki nalo mimi.

Ni mimi binti yako, shahidi wako wa pekee,

Faida