Freni ya Kamyo ya Yaya Ilunga

Kamina, ku shule ya mafundi

Baba yangu mupenzi,

Jambo sana, weye na Mama kule Kabongo. Magoti ya Mama inaendelea namna gani na hii baridi? Minyi, mwili iko muzuri. Moyo njo haiko muzuri.

Uliniuliza habari ya masomo. Atelie yetu, nyumba ya kufanyia kazi, iko kubwa: kuko motere moja walikata katikati na musumeno, tuone vile pistoni inapanda na kushuka, na kuko kamyo tatu za kuvunja na kutengeneza. Nilikuwa najidai sana, Baba.

Juma iliyopita mwalimu, Muzungu moja mupole, alileta kamyo ya ine, ya ajali. Alisema tutafute nini iliiangusha. Niliona ku mulango musalaba mweupe, ile Yaya Ilunga, kaka yangu mukubwa, alipaka yeye mwenyewe. Ni ile kamyo ilimuua ku mutelemuko ya Bukama. Nilipanda, nikakanyaga pedali ya freni, ile ya kusimamisha kamyo. Muguu yangu ikaenda mpaka chini, freni haikushika.

Nikaingia chini ya kamyo. Ku tiyo, ile bomba ya kupitisha mafuta ya freni, kulikuwa kipande ya mupira ya kinga, njo baisikeli, imefungwa na waya, imepasuka. Juu yake kiraka nyekundu. Baba, ni mupira ya kinga yangu. Wakati ya vakansi, nilipokuwa kule kwetu, tiyo ilikuwa inavuja, Yaya alitaka kungojea garaji. Nilimucheka, nikaifunga na ule mupira. Nilimuambia: "Yaya, weye uko shofere, minyi njo fundi. Enda tu."

Mwalimu alinipa pointi kupita bote, sababu niliona mbio. Kile kipande iko juu ya meza, banafunzi bapya banaonyeshwa. Mara mingi, mu mchana kabisa, nasikia pedali inakanyagwa mu ile kamyo. Naangalia, hapana muntu. Naogopa.

Kilumbu, ule muganga ya kubashiri, aliagua kifo ya Yaya, akataja Numbi, bibi ya Yaya, asema alimuroga bwana yake. Mulimufukuza kwabo Bukama, mukamunyanganya batoto wake babili. Numbi hakuroga muntu. Ni minyi. Mumurudishie batoto, Baba, nakuomba na magoti chini.

Salamu kwa Mama, na kwa shangazi mwenye kulea bale batoto. Salamu kwa Baba mudogo, mwenye kukusomea hii. Najua atataka kuruka maneno fulani, kwa kunifunika. Asijisumbue. Barua ya kumuambia Numbi hii yote niliandika kwanza, mbele ya hii, na treni ya Bukama imeshaibeba.

Minyi mutoto yako,
Banza