Viache na Tope

Tarehe 9 Februari

Kwa mume wangu mpenzi, Baba Chiriku,

Pokea salamu kabla hujafungua gunia, maana nakujua, ukiona gunia husalimii mtu. Sisi huku wazima. Mama yako mzima, goti tu ndilo linamsumbua akiinuka. Chiriku mzima, anaongea toka anapofumbua macho mpaka usingizi umzibe mdomo; jina ulilompa limemkaa sawasawa. Wewe je? Kikohozi cha baridi kimekuachia?

Humo ndani mna kandambili chakavu thelathini na moja, nyingi za mguu wa kushoto. Sijui miguu ya kulia ya mtaa huu huwa inaishia wapi. Kuna vizibo vya chupa makopo mawili, nyaya za redio iliyokufa, na sufuria ya Mama iliyotoboka. Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema wanawake wenzangu waume zao wakiwa mbali huomba picha, wangu anaomba kandambili za watu. Nikamwambia kila mtu na mapenzi yake.

Vyote nimeviosha kwa sabuni na kuvianika uani, usiogope kuvishika.

Tumeshapiga picha za pasipoti. Chiriku aliambiwa asicheke, akashindwa, mpiga picha akarudia mara nne. Ule mwaliko wako wa miezi sita sasa una mwaka na nusu, lakini silalamiki. Ulisema ukimaliza hii kazi moja, ukumbi wa sanaa uliokualika huko utatuandikia barua na sisi tuje. Nimewaambia watu wachache tu. Basi, si wachache sana.

Jino la mbele la mwanao linatikisika. Amesema halitoki mpaka ulione.

Mkeo,
Mama Chiriku


Tarehe 2 Machi

Mama Chiriku wangu,

Salamu zako nimezisoma kabla ya gunia, safari hii nimekushinda. Mimi mzima, kikohozi kimebaki kidogo asubuhi. Mwambie Mama goti asilikande kwa maji ya moto sana.

Mzigo umefika, asante. Lakini mke wangu, umeosha! Ukiosha kandambili umemfuta aliyeivaa. Watu wa huku hawaji kutazama plastiki, plastiki wanayo tele. Wanataka kumwona mtu aliyepita. Mara nyingine usivioshe. Viache na tope, na kisicho na tope, kipake.

Jambo la pili: vya majirani basi. Sasa nataka vya kwetu, vyako na vya mtoto. Kile kitanda chake cha uchanga, kifungue ubao mmoja mmoja, misumari iweke kwenye kopo. Weka na ile kandambili yake nyekundu ya kwanza, na gauni lako la buluu la wakati wa mimba.

Habari ya barua ya mwaliko nimeigusia kwa msimamizi wa ukumbi. Ni mama mtu mzima, ana roho nzuri. Tuvute subira.

Mumeo,
Baba Chiriku


Tarehe 20 Machi

Kwa Baba Chiriku,

Shikamoo yako kutoka kwa mwanao, ndiyo aliyoniagiza nianze nayo. Sote wazima, na tunakuombea kifua.

Kitanda nimekifungua mwenyewe kwa bisibisi ya jirani. Wakati unakipigilia nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimekaa kwenye ndoo nikikushikia misumari, na wewe unapiga kelele kwamba mbao za makasha ya sabuni zitamfanya mtoto awe msafi maisha yake yote. Magurudumu uliyatoa kwenye kitoroli kilichotupwa nyuma ya hospitali. Jirani yetu amejifungua juzi, akaniomba kitanda hicho hicho, nikamnyima. Nikamwambia baba mtu anakihitaji. Hakununa, lakini salamu zake zimepungua urefu.

Tope tulilikoroga uani, mimi na Chiriku. Hajapata kuona mama anayemwambia mtoto achafue vitu visafi, akafurahi kuliko siku zote. Alipaka kitanda, akapaka gauni langu, akajipaka na yeye. Kandambili yake nyekundu niliipaka mimi. Mkono ulikuwa mzito, sijui kwa nini, kama namchafua mtu usoni. Halafu nikasema, kazi ya mume ni kazi ya nyumba, nikafunga gunia.

Nimetia picha yetu watatu tukicheka, hiyo nimeifunga kwa nailoni isiguswe na tope. Muonyeshe yule mama msimamizi, ajue anamwandikia nani.

Mkeo,
Mama Chiriku


Tarehe 28 Aprili

Mama Chiriku,

Natumaini mko salama. Mimi salama.

Vimefika vyote. Kazi imekuwa kubwa kuliko nilivyotegemea, watu wanasimama mbele yake, wengine wanatoa leso. Picha nimeiweka chumbani kwangu.

Tafadhali usiandike tena kwa anwani ya ukumbi. Kule barua hufunguliwa na kila mtu. Tumia hili sanduku la posta nililoandika juu.

Jino la Chiriku likitoka, lifunge kwenye pamba unitumie. Usilioshe.

Baba Chiriku


Tarehe 30 Juni

Kwa Baba Chiriku,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima, Mama anakusalimu, goti limetulia.

Hii ni barua ya tatu bila jibu, nadhani posta wanazikalia barua. Nataka kujua moja tu: yule mama ameandika? Pasipoti zimetoka. Chiriku yake anaifungua kila asubuhi aangalie kama bado ni yeye. Nimeshaacha kuwaambia watu, sasa wananiuliza wao.

Jino bado limeshikilia. Analiambia lisubiri.

Mkeo,
Mama Chiriku


Tarehe 4 Agosti

Mama Chiriku,

Nisamehe kimya. Kazi imechukuliwa kwenye kumbi nyingine mbili, nazunguka nayo. Mpe mtoto hivi viatu, nimekisia mguu. Barua kamili inakuja.

Baba Chiriku


Tarehe 27 Agosti

Kwa Baba Chiriku,

Sisi huku wazima. Nimeianza hivyo kama siku zote, naomba urudi uisome tena kabla hujaendelea.

Viatu vimemwenea, vimebakiza nafasi ya kidole kimoja. Mbele ulikuwa umevisokomeza karatasi ili visipondeke njiani. Mtu mwingine angezitupa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu hakitupwi kabla hakijatazamwa mara mbili. Basi nikazinyoosha kwa kiganja, halafu kwa pasi ya mkaa, kama nilivyokuwa nakunyooshea makaratasi yako ya sukari na sementi.

Kwenye karatasi moja ya ukumbi nikakiona kitanda pichani. Kilikuwa kinaning'inia hewani kwa nyaya, gauni langu limelazwa ndani yake kama mtu, na kandambili nyekundu iko peke yake sakafuni. Nilifurahi, usifikiri nilianza na kingine. Nilimwita Mama aje aone kazi ya mwanawe imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa. Chiriku akagusa kandambili kwa kidole akasema ile pale nimeipaka mimi. Nikamwambia hapana, ile niliipaka mimi. Tulibishana.

Maneno ya chini yalikuwa ya lugha ya huko, nikampelekea mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Alisoma mstari mmoja kwa sauti, uliobaki akausoma kwa macho. Akavua miwani, akaniambia nikae.

"Mama Chiriku," akasema, "nani alifariki kwenu?"

Nikamwambia hakuna. Akanitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia, halafu akanieleza. Kwamba msanii huyu mafuriko yalimchukulia mke na binti yake wa pekee. Kwamba alirudi akakuta nyumba haipo, akachimba tope kwa mikono yake siku tisa, na vinavyoonekana hapa ndivyo alivyovipata.

Siku tisa. Mimi na mtoto tulilikoroga asubuhi moja, kwa maji ya ndoo, akiimba.

Mama yako alikuwa amenifuata kwa nyuma na goti lake. Alisikia yote. Akamuuliza mwalimu: "Na mimi kaniweka wapi?" Mwalimu akapekua mbele na nyuma, hakumwona popote. Mama akasema afadhali ninyi mmepewa hata kifo. Tukacheka, Baba Chiriku. Wanawake wawili kwenye kibaraza cha mtu tukacheka mpaka mwalimu akaogopa.

Sikuulizi kwa nini, maana utanijibu vizuri, unajua kusema. Nauliza kitu kimoja. Yule mama wa ukumbi, uliwahi kumwomba ile barua?

Mama Chiriku


Tarehe 19 Septemba

Mke wangu,

Nimeirudia ile salamu yako kama ulivyotaka. Nimeirudia mara nyingi.

Hapana, sikumwomba.

Sikukusudia, nisikilize. Miezi mingi kazi zangu zilikaa kwenye korido, karibu na choo. Watu wakipita wananiuliza choo kiko mlango gani. Siku nilipofungua gunia lenye kitanda, nikatoa kile kiatu kidogo chekundu chenye tope, nikalia. Nililia kwa kuwakumbuka, hilo niamini hata ukikataa mengine yote. Yule mama akanikuta. Akauliza ni cha nani. Nikasema cha binti yangu. Akalitazama lile tope, akanikumbatia, na yeye akaanza kulia, nikajua amewaza nini. Mdomo ulikuwa wangu. Sikuufungua. Kesho yake walihamisha kazi yangu kutoka korido wakaipa chumba kikubwa. Mafuriko aliuliza yeye, mimi niliitikia. Siku tisa ndizo nilizoongeza mwenyewe.

Sasa nikisema mko hai wataangusha kila kitu, na mimi nitarudi kwenu mikono mitupu na jina la mwongo. Nipe miaka miwili mitatu, jina likomae. Nimefikiri njia. Mnaweza kuja kama dada yangu na mwanawe. Watawapokea vizuri sana, kwa sababu ya msiba. Chiriku atazoea, watoto huzoea. Tukiwa ndani ya nyumba nitakuwa baba yake.

Na jino, likitoka, usisahau. Kuna kazi mpya nimeianza.

Ni mimi,
Baba Chiriku


Tarehe 11 Oktoba

Kwa Baba Chiriku,

Sisi huku wazima. Mama mzima, ameacha kukuulizia, lakini sahani yako bado anaifuta vumbi. Nasi tunatumaini wewe ni mzima, na kifua kimepona.

Nimefikiri ile njia yako nikiwa nafua, mahali ninapofikiria vizuri. Nikajiona nimesimama mbele ya kitanda kile kama wifi wa marehemu, nikipewa pole, nikijibu nimeshapoa. Nikamwona Chiriku anakuita mjomba mbele za watu. Angeweza, unavyosema, watoto huzoea. Ndicho kilichonitisha.

Usiogope, siandiki kwa ukumbi. Mwalimu alijitolea kuniandikia kwa lugha yao, nikakataa. Chiriku akiuliza habari zako, na anauliza, ningeweza kukufanya ulivyotufanya, tope lipo la kutosha. Nimemwambia baba yako yupo, ni mzima, anafanya kazi mbali, na haji. Aliniuliza kwa nini haji, nikamwambia akikua atamuuliza mwenyewe. Viatu anavivaa. Miguu haina kosa.

Kwa jirani nimekwenda kuomba radhi ya kitanda. Mwanawe analala kwenye kapu la nguo, ananenepa humo humo. Tumefungua salamu upya.

Vizibo ulivyoacha stoo, magunia mawili, tumevitoa. Mimi natoboa kwa msumari, Chiriku anatunga kwenye uzi, Mama anachagua rangi na kutugombeza. Tunatengeneza pazia la mlango. Limefika nusu, upepo ukija linaongea kuliko mtoto. Mwenye duka la vitambaa ameliona, anataka la kwake. Vizibo vyote tumeviosha.

Jino limetoka Jumanne, akitafuna karanga. Alilia kidogo, si kwa maumivu. Alikuwa ameliambia lisubiri. Halafu akalisafisha mwenyewe ndani ya kikombe, akalitia kwenye kibweta cha kiberiti, akaniuliza tukutumie lini. Nikamwambia hatutumi. Nikamwambia hili lina mwenyewe, na mwenyewe yupo.

Mama Chiriku