Mahindi Chini ya Tope la Nyakiriba

Jumapili. Mvua imekatika, jua kali, na moyo wangu unaruka.

Wasomaji wangu, muelewe: bila mimi, nchi hii isingejua jana yake. Medali haijafika bado. Bon, wakubwa wako na kazi nyingi.

Divine, binti ya dada yangu, anaandika memuari, kile kitabu cha kumaliza chuo kikuu. Ni mi nilimupeleka kwenye kinamasi cha Nyakiriba, tukazamisha bomba la chuma, tukatoa nyiramugengeri, lile tope jeusi la mimea iliyokufa zamani bila kuoza ikaisha. Mita nne, nguvu zangu peke yangu. Haya, tulikuwa watatu.

Ndani ya tope hilo iko unga wa maua, chavua, wa miaka maelfu. Divine anautazama kwa mikroskopi. Juu ni nyasi na mafunjo. Chini yake vumbi la mkaa wa moto. Chini zaidi, miti.

Miti! Pale tunapovuna viazi palikuwa msitu mutupu! Nimekanyaga pale miaka arobaini nikidhani ni tope tu.

Leo mchana Divine amekuja, uso umekunjamana.

"Mujomba, kwenye kipande cha chini kabisa nimekuta chavua ya mahindi."

"Si nilikuambia? Babu zetu walilima mahindi mbele ya dunia yote!"

"Wee, mujomba! Mahindi yamefika huku juzi tu, yalitoka ng'ambo. Hii imeingia kutoka nje. Kesho kutwa ninasimama mbele ya maprofesa. Nisipojua imeingia wapi, watakataa tope lote."

Mke wangu akacheka: "Uliza huyo mutaalamu wako."

Nikakohoa. Nikasema labda ni upepo. Divine akaondoka na moto wa hasira, hata chai hakumaliza.

Upepo!

Divine, najua unasoma hapa kila Jumapili. Ile jioni tulipotoa tope, vipande vililala kwangu vimefungwa na plastiki, ukakataza visifunguliwe. Shemeji alikuwa amevuka kutoka Goma, akaniita muongo mbele ya wageni aliokuja nao, eti tope la miaka maelfu haliko. Nilikuwa natoka shambani, mahindi yametoa maua, mikono yangu ya njano mpaka kwenye kiwiko. Nikakata plastiki, nikawapitishia tope washike.

Ni kile cha chini peke yake. Vingine sikugusa. Waambie maprofesa ni mi.